Shamba Lililopoteza Chumvi

Lori lilikuwa limekwisha kuiacha hifadhi nyuma, pamoja na twiga watatu waliosimama kando ya lami kama watu waliokosa basi, wakati Mikumi ilipojitokeza mbele: mabati, moshi wa mkaa, na matrela marefu yaliyoegeshwa pua zikielekea Iringa. Kwa anayefika mara ya kwanza, Mikumi haionekani kuwa mji wa mtu. Kila unayemwona yuko njiani kwenda kwingine. Chai hunywewa kwa kusimama, kitanda cha nyumba ya wageni hulaliwa na mtu ambaye hajavua viatu, na vitunguu huuzwa madirishani kwa abiria wasioikumbuka sura ya muuzaji. Ilikuwa Mei 1996, miaka ambayo watu walikuwa wameruhusiwa kuuza chochote, na walikuwa bado wanajifunza ni kitu gani hakiuziki.

Chini ya turubai kulikuwa na mapipa manane ya plastiki ya buluu. Dereva, Cosmas, alikuwa ameulizwa kwenye vizuizi viwili amebeba nini. Mara zote mbili alisema kweli, na mara zote mbili hakusadikiwa. Askari wa kizuizi cha pili alichovya kidole, akaonja, akatema, akamwangalia Cosmas kama mtu anavyomwangalia mfiwa, kisha akainua nguzo. Maji ya bahari yalikuwa yanapanda bara, na hakuna sheria iliyoyakataza.

Mbele ya nyumba moja ya wageni alisimama mtu mrefu, fimbo imelazwa mabegani, mikono miwili ikining'inia juu yake, unyayo mmoja umepumzika kwenye goti la mguu wa pili. Alikuwa pale tangu jana adhuhuri. Huyu ndiye Nyanda, mjenzi wa majaruba, na mapipa yalikuwa yake.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye mwenye maji?" Cosmas aliuliza.

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Basi nieleweshe. Ninakotoka watu wanayachota haya maji kuyatoa kwenye mitumbwi. Wewe unayanunua?"

"Sinunui. Naletewa."

Alipanda nyuma ya lori, akainama, akaweka sikio kwenye pipa la kwanza. Lori lilikuwa limesimama lakini maji ndani yalikuwa bado safarini, yakienda na kurudi, yakigonga ukuta wa plastiki taratibu. Alisikiliza muda mrefu kuliko inavyompasa mtu aliyesimama juani. Kisha alifungua kizibo, akaonja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho.

"Chumvi yake ni kama ya kwangu," alisema. "Ila ya kwangu ina udongo."

Nyanda alizaliwa upande wa Misungwi, karibu na ziwa. Alijua maji makubwa yasiyo na ng'ambo, lakini yalikuwa maji ambayo ng'ombe hunywa na mama hupikia. Bahari hakuwahi kuiona. Aliifikiria kama ziwa lililokasirika likajinyima kunywewa. Baba yake alimfundisha kazi mbili: kuchunga, na kujenga majaruba, yale mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa kingo za udongo ili maji yakae. Alimfundisha pia kuujua udongo kwa ulimi. Unachukua chembe, unaiweka kwenye ncha, unangoja, unatema. Udongo unaoteleza una mpunga ndani yake. Udongo unaouma kidogo ni wa kulambwa na mifugo. Na ule mweupe, mgumu, unaovunja jembe wakati wa kiangazi, ambao nyumbani kwao huitwa ibambasi, huo unaingia mdomoni kama sarafu, na mtu mwenye akili huupa maji na subira tu.

Mwaka 1984 aliondoka kwao na ng'ombe arobaini na mke mmoja, Marciana. Walifuata majani kusini, wakazunguka kupitia Usangu, wakapanda tena, na miaka minne baadaye walifika bonde la Kilosa wakiwa na ng'ombe kumi na saba. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, iliwamaliza kumi na watatu kwa masika mawili. Wanne waliobaki Nyanda aliwauza siku moja, bila kumwambia mtu, akarudi nyumbani na jembe jipya. Tangu hapo alijenga majaruba ya watu wengine, kuanzia Kidodi hadi kandokando ya Kilosa, na watu walisema kingo zake hazivuji hata mafuta.

Ila yeye mwenyewe hakuwa na pa kujenga. Alipoomba ardhi katika kijiji alichokaa, ndani ndani kutoka barabara ya vumbi ya kwenda Kilosa, kamati ilimpa ekari sita ambazo hakuna aliyewahi kuzigombania. Wakati wa kiangazi chumvi ilipanda juu yake ikatandaza weupe, na kwa mbali ungedhani kuna mtu ameanika unga. Walipomwonyesha, wajumbe wawili waligeuka pembeni kucheka. Mwenyekiti, mzee Lazaro, hakucheka. Aliandika katika daftari la ardhi la kijiji: ekari sita, chumvi, Nyanda, kwa majaribio, miaka mitatu.

Ni maneno hayo, "kwa majaribio", yaliyomkaa Nyanda kooni. Familia zote zilikuwa na jina tu mbele ya ekari zao. Yeye, mtu wa miaka hamsini na mitano, mwenye binti, Paulina, aliyeolewa Ifakara, alikuwa bado anajaribiwa kama sufuria mpya. Miaka mitatu ingeisha Novemba hiyo ya 1996. Kama mkutano wa kijiji ungekuta ardhi haijalimika, ingerudi, na Nyanda angerudi kuwa mpita njia.

"Wamekupa ng'ombe wa mawe," Marciana alikuwa amemwambia siku ile ya kwanza. "Sasa kamua."

Aliyekuja na mapipa, au tuseme aliyeyasababisha, ni Melkizedek, bwana shamba wa kampuni moja ya pwani, kijana mwenye kofia ya nguo na vichupa vingi mfukoni. Alikuwa anazunguka bara akitafuta ardhi zilizovamiwa na chumvi. Alimkuta Nyanda amechuchumaa, akionja udongo. Melkizedek naye akachukua udongo, akautia kwenye kichupa, akadondosha dawa, akasoma rangi. Walilinganisha. Ulimi na kichupa vilikubaliana, na kuanzia hapo wakawa marafiki.

Alichoeleza Melkizedek kilichukua siku nzima, kwa sababu Nyanda alitaka kila jambo lirudiwe. Huko pwani wanalima kwa maji ya bahari. Wana mmea unaoota palipo na chumvi, hauna majani, ni vijiti vya kijani vilivyoungana pingili kwa pingili. Ncha zake changa ni mboga. Mbegu zake zina mafuta, na mafuta hayo yanaweza kuzungusha mashine. Maji baridi ni machache, alisema, tuwaachie watu na mpunga. Ardhi nzuri ni chache, tusiigeuze chakula cha injini. Lakini chumvi ipo ya kutosha dunia nzima, na hakuna anayeitaka. Kampuni ilitaka kujua kama mmea ungeishi mbali na bahari, kwenye chumvi ya bara. Miche ingelelewa kwenye kitalu kwa maji ya bahari yenyewe, izoee, kisha ihamishiwe shambani. Nyanda angepewa mbegu, mapipa, na pampu ndogo ya dizeli ya kupandishia maji, maana kijito kilikuwa chini ya shamba.

Nyanda aliuliza swali moja tu la kwake. Je, shamba la namna hiyo linahesabiwa kuwa limelimika? Melkizedek alisema hajui kwa nini lisihesabiwe.

Basi mapipa yalipangwa nyuma ya nyumba, na kwa wiki sita kulikuwa na bahari katika kijiji kile. Watoto walikuja kuitazama. Mama mmoja mwenye mguu uliovimba aliomba kikombe, akaosha, akasema amepata nafuu. Asubuhi, kabla ya kumwagilia kitalu, Nyanda alifungua pipa, akainamisha uso juu yake, akavuta pumzi. Ilimjia harufu ya kitu ambacho hakukifahamu, na kila siku ilimletea picha tofauti. Siku moja aliona mifupa ya samaki wakubwa kuliko ng'ombe. Siku nyingine aliona maji yakipanda bonde polepole, bila fujo, yakipita Kilosa, yakisimama mlangoni kwake kama mgeni anayebisha hodi, na yeye hakuogopa.

"Unalilamba pipa kama ndama," Marciana alimwambia.

"Naongea nalo."

"Linasemaje?"

"Linasema huko kwao hakuna ukingo."

Miche iliota. Walipoihamishia kwenye majaruba matatu, vijiti vya kijani vilisimama juu ya ardhi nyeupe kama vidole vya watu waliozikwa wakiwa wanaomba ruhusa, na kijiji kiliuita mmea ule vidole. Marciana alichuma ncha za kwanza akazipika kwa karanga na, kwa mazoea ya maisha yake yote, akatia chumvi. Hakuna aliyemeza. Mara ya pili hakutia, na mboga ikawa tamu, ya kutafuna, yenye ladha ya mahali pengine. Majirani walianza kuleta bakuli. Mzee Lazaro mwenyewe alipita, akala vidole viwili vikiwa vibichi, akasema kwamba amewahi kula vibaya zaidi.

Julai, Agosti, Septemba. Hiyo ndiyo miezi ambayo Nyanda, baadaye, aliizungumzia kwa sauti ya chini. Upepo wa kiangazi ulipita juu ya vidole vikainama pamoja na kuinuka pamoja. Jioni kabla jua halijazama alitembea juu ya kingo zake, miguu peku, na kila mahali palipokuwa pakavu na pa kijivu katika vijiji vya jirani, kwake palikuwa pa kijani. Hakuwa na magugu. Hakuna hata jani moja geni lililothubutu. Alidhani ni bahati.

Kisha, mwanzoni mwa Oktoba, vidole vikaanza kuwa vyekundu.

Kilianza kijiti kimoja, karibu na mfereji. Baada ya siku nne jaruba zima lilikuwa na rangi ya nyama. Nyanda aliinama, akaonja udongo, na chumvi ilimchoma ulimi kuliko siku zote. Alijua hii ni nini. Mkulima yeyote wa mpunga aliyekulia kwenye ibambasi anajua: mpunga ukiwa mwekundu, chumvi imeshaingia mizizini, una wiki moja. Na dawa yake anaijua pia, amerithi. Unajaza maji baridi, unayaacha yalale, unafungua mdomo wa jaruba, unayatoa yakiwa yamebeba chumvi. Unajaza tena.

Marciana alimwambia angoje. Melkizedek alikuwa pwani, angerudi mwisho wa mwezi, na mmea ni wa kwao, wao ndio wanaoujua.

"Mgonjwa hamngojei mganga aliyesafiri," Nyanda alijibu. "Mkutano ni wiki saba zijazo. Nitawaonyesha nini, maiti?"

Aliwasha pampu. Kwa siku kumi na mbili alifanya kazi ambayo baba yake angejivunia. Alijaza majaruba yote sita, si yale matatu tu, maana chumvi ya jirani huhamia. Aliyalaza maji usiku, akayafungua asubuhi. Yalitoka meupe kidogo, kama maji ya kuoshea mchele, yakateremka mferejini, yakaingia kijitoni. Alikaa ukingoni akiyafuata kwa mawazo: kijito kinaingia Miyombo, Miyombo inaingia Mkondoa, na mito yote hiyo, Melkizedek alikuwa amemwambia, mwisho wake ni mmoja. Ile chumvi ilikuwa inakwenda kwao. Ilimpendeza kufikiri hivyo, kwamba alikuwa anamsindikiza mtu nyumbani. Huko kwao ziwani kuosha ardhi namna ile kungechukua miaka. Hakujua kwamba chini ya ukoko ule mweupe kulikuwa na mchanga, na mchanga haushikilii kitu.

Siku ya kumi na tatu alionja udongo. Haukuuma. Akaonja mahali pengine. Uliteleza.

Vidole havikurudia ukijani. Vililegea, vikalala chini kama watu waliochoka kusimama. Na kando yao, bila haraka, vikachomoza vitu alivyovifahamu tangu utoto: ndago, mbigili, kisha majani marefu ya malisho. Mvua za kwanza za vuli ziliyabembeleza. Wiki tatu baadaye ungepita pale usingejua kama palikuwa na mmea wa baharini. Kulikuwa na nyasi hadi magotini, nzito, zinang'aa.

Melkizedek alifika akiwa na magunia matupu ya kuvunia. Alisimama ukingoni. Alivua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Vilikuwa vyekundu?"

"Kama damu. Nikaviosha. Nimejitahidi, mwanangu, ila chumvi ilikuwa imeshavimaliza."

Melkizedek alikaa chini. Alimweleza polepole, kama mtu anayetoa habari ya msiba kwa mwenye msiba, kwamba vidole vinapoiva huwa vyekundu. Vilikuwa vinakomaza mbegu. Vilihitaji kuachwa wiki nne tu. Na kuhusu magugu, hayakuwa bahati mbaya, wala kukosekana kwake mwanzoni hakukuwa bahati njema. "Chumvi ndiyo iliyokuwa inakupalilia," alisema.

Marciana, aliyekuwa amesimama nyuma yao na kibuyu cha maji, alimpa mgeni kwanza, kisha akampa mumewe. Hakumkumbusha kwamba alimwambia angoje. Hilo Nyanda aliliona, na aliliweka moyoni.

Baada ya muda Melkizedek alinyanyuka akazunguka shamba lote kwa miguu. Aliporudi alikuwa na mambo mawili. La kwanza, juu kabisa, penye mgongo wa ardhi ambapo maji hayakupanda, palibaki ukanda wa vidole upana wa mkeka, umeiva, umekauka, una mbegu. La pili alilisema akiwa anapapasa ukingo kwa kiganja.

"Mzee, umejaza maji siku kumi na mbili na kingo hizi hazijavuja mahali popote. Za kwetu pwani zinabomoka kila bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi. Maji yanaingia yakitaka, yanatoka yakitaka. Tumeleta wahandisi. Ungekuja wewe."

Nyanda alisema hawezi. Ana ardhi hapa.

Mbegu za ule ukanda zilijaa nusu ya debe. Walizipeleka Kilosa, mtaa wa Magomeni, kwa Kondo, aliyekuwa na kinu cha mkono cha kukamulia alizeti na ufuta nyuma ya duka lake. Baba yake Kondo alikuwa Mzaramo aliyeletwa Kilosa na kazi ya reli, na Kondo alimhesabu kila mtu wa kutoka ziwani kuwa mtani wake halali. Aliziangalia mbegu kwenye mwanga.

"Mtani, hii ni chawa?"

"Kamua."

"Umetembea na ng'ombe kutoka Misungwi mpaka Kilosa, ng'ombe wote wamekufa njiani, ili uje unikamulishe chawa?"

"Mzaramo akiona kitu hakina nazi anadhani ni mdudu. Kamua."

Alikamua. Yalitoka mafuta ya rangi ya chai ya rangi, vikombe vitatu. Kondo aliyanusa, akayaonja, akakiri kwamba yangekaanga samaki vizuri. Melkizedek alichanganya sehemu yake na dizeli kidogo, akaimimina kwenye pampu ambayo walikuwa wameibeba hadi pale, wakaiweka uani katikati ya pumba za alizeti. Nyanda ndiye aliyevuta kamba. Pampu ilikohoa mara mbili, ikakaa kimya, ikakohoa, kisha ikashika. Ilizunguka. Harufu yake haikuwa ya dizeli. Ilikuwa harufu ya jiko la mtu anayekaanga kitu mtaa wa pili, na wanawake wawili waliokuwa wanapita walichungulia uani kuuliza kuna shughuli gani.

Nyanda alisimama akiitazama. Kilichokuwa kinazungusha chuma kile kilikuwa ni chumvi yake, ardhi ile waliyoichekelea, kiangazi kile chote. Ilidumu kwa muda wa mtu kuvuta sigara moja. Ilipozimika, Kondo hakutania. Alimimina kikombe kilichobaki kwenye chupa, akaifunga kwa gunzi, akampa.

Mkutano ulifanyika mwisho wa Novemba, na haukufanyika ofisini. Mzee Lazaro aliwataka wajumbe waende shambani wakaone kwa macho. Nyanda alikuwa amejiandaa kueleza kwa nini vidole havipo. Alikuwa na chupa ya mafuta mfukoni kama ushahidi. Hakupata nafasi ya kuitoa, maana hakuna aliyeuliza kuhusu vidole.

Wajumbe walikuwa wametawanyika katika nyasi. Walikuwa wanachimba kwa vidole vya miguu. Mmoja, aliyecheka mwaka ule, alichukua udongo akauvunja kiganjani, akamwonyesha mwenzake. Udongo ulivunjika laini. Majaruba sita yalikuwa yamelowa mvua za vuli, kingo zimenyooka, mfereji unapeleka na mfereji unatoa. Lilikuwa shamba la mpunga bora kuliko yote katika kijiji kile, na lilikuwa tupu.

Minong'ono ilianza. Cornel, mjumbe wa upande wa bonde, alikumbuka kwamba babu yake aliwahi kulaza mitego pale. Mwingine alikumbuka kwamba shangazi yake alichota udongo wa kujengea. Katika nusu saa ardhi ile ambayo haikuwa na mtu ilipata ukoo wa watu kumi na mmoja.

Mzee Lazaro alifungua daftari, akatafuta ukurasa, akasoma kwa sauti: ekari sita, chumvi, Nyanda, kwa majaribio.

"Nyanda," alisema, "sisi tulikupa ardhi ya chumvi. Chumvi iko wapi?"

Nyanda aliangalia chini, kana kwamba anaitafuta kweli.

"Nimeiosha, mzee."

"Kwa hiyo hii siyo ile tuliyokupa."

Watu walicheka, lakini mzee Lazaro hakuwa anatania, na Nyanda aliliona hilo usoni mwake: lilikuwa neno la mtu anayetafuta mlango katika ukuta ambao watu wake mwenyewe walikuwa wamekwisha kumzungushia. Walibishana mpaka jua likapita kichwani. Mwishowe kamati iliamua hivi. Ekari tano zigawiwe familia zenye vijana wasio na pa kulima. Ekari moja, ile ya juu penye nyumba, ibaki. Na iandikwe bila maneno ya kujaribu, iandikwe jina, mradi mwenye jina awepo akiilima, maana ardhi nzuri haiwezi kuachwa na mtu anayezungukazunguka na kazi za majaruba ya watu.

Ekari moja. Nyanda alijua mikono yake. Ekari moja angeimaliza mwezi mmoja, na miezi mingine kumi na moja angekuwa anatazama ekari tano alizozijenga yeye zikivunwa na wengine, akiwasalimia kila asubuhi, akitabasamu. Alijua pia kwamba akikataa, miaka yote kumi na miwili tangu atoke kwao isingekuwa imeandikwa mahali popote.

"Andika Marciana," mkewe alisema.

Wanaume waligeuka.

"Mimi sizunguki," Marciana aliendelea. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu aliyekuja kazini. "Mimi nipo hapa tangu tulipofika. Nimezika mifugo hapa. Andika, mzee. Marciana, ekari moja, mpunga."

Mzee Lazaro alimtazama Nyanda. Nyanda alitazama kingo zake, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho.

"Mwandike," alisema. "Yeye aliniambia ningoje."

Kalamu iliandika. Alimwomba mzee Lazaro amwonyeshe, na ingawa hakuwa msomaji wa haraka, alilifuata jina lile kwa ukucha, herufi kwa herufi, hadi mwisho, akakuta hakuna kitu baada yake.

Usingizi wake siku zile, Marciana alisimulia, ulikuwa wa mtu anayeelea. Alizungumza ndotoni kuhusu kingo. Asubuhi ya nne alimwambia kwamba atakwenda pwani kwa Melkizedek, msimu mmoja, akajenge majaruba ya kushika maji yale yasiyo na ukingo. Huko, alisema, hata akiosha miaka mia, chumvi haitaisha, na kwa hiyo hakuna atakayeitamani. Marciana alimuuliza kama msimu wa bahari una miezi mingapi. Alisema atauliza akifika.

Treni ya kutoka bara ilitakiwa kupita Kilosa alfajiri. Ilipita karibu na saa tano. Kituo kilikuwa kimejaa wauza ndizi na mayai ya kuchemsha, na watu waliokuwa wamelala kwenye mizigo yao tangu jana walikuwa wameamka, wamelala tena, wameamka. Marciana alikuwa ameshusha begi la Nyanda kichwani na kulikalia, ili lisitoweke. Walikuwa wamefika Kilosa kwa miguu, nyuma ya ng'ombe, na hakuna aliyewahi kuondoka kabla ya mwenzake.

Treni iliposimama, madirisha yalishuka, na lugha iliyomwagika kutoka daraja la tatu ilikuwa Kisukuma. Walikuwa wametoka Mwanza siku mbili zilizopita, na magunia ya mchele wa kwao, na kuku, na watoto wenye vumbi la njia nzima kwenye kope. Mwanamke mmoja alimwona Nyanda na fimbo yake akajua mara moja.

"Mwangaluka," alimwita kwa salamu ya asubuhi ya kwao. "Baba, unapanda au unatushangaa?"

Nyanda alicheka. Ilikuwa kama nyumbani kwao kumejifungasha, kumepanda reli, kumempitia njiani kumpeleka baharini. Alipokea begi. Alimshika Marciana mkono kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa mkubwa, na yeye akainamisha kichwa kidogo.

"Ukingo wa pili una panya wa kuchimba," Nyanda alisema. "Ziba kabla ya masika."

"Nimeshaziba, Baba Paulina. Panda."

Alipanda. Mikono ya watu asiowajua ilimvuta ndani, ikampokea fimbo, ikampisha mahali kati ya magunia. Treni ilivuta, ikasita, ikavuta tena, na mabehewa yakaanza kupita mbele ya kituo moja moja, ya abiria, kisha ya mizigo, kisha lile la mwisho lenye mtu aliyeketi mlangoni akining'iniza miguu. Baada ya hapo ilibaki reli tu, na upande wa pili wake wauza ndizi wakihesabu walichobakiza.

Marciana alifungua fundo la kanga, akatoa nauli, akaangalia kama inatosha. Aliuliza kama kuna gari la kwenda njia ya Mikumi mchana ule. Aliambiwa lipo, limesimama sokoni, linangoja lijae. Alisema basi atakwenda kukaa ndani, lijae naye.